Yusuf bin Hasan, mfalme aliyebatizwa akiwa mateka



Kijana mwenzangu, hapa tumezoea kusoma maisha ya watakatifu. Tunafurahi, tunaomba maombezi yao, tunaendelea na safari. Leo nakuletea mtu ambaye si mtakatifu, na hutakuta parokia yoyote yenye jina lake. Alibatizwa, akalelewa na watawa, akafunga ndoa kanisani, akawekwa kuwa mfalme Mkatoliki hapa hapa kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Halafu mwezi Agosti 1631 akaikana imani ile mbele ya watu wote na kuwaua Wakristo karibu 300. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Baba yake alimwita Yusuf.

Kwa nini nimemchagua yeye? Kila likizo nikirudi nyumbani Iyunga, vijana wa jumuiya huniuliza swali lile lile: Bro, hii dini si ililetwa na wazungu waliokuja kufanya biashara? Wengine huuliza kwa utani, wengine wanamaanisha kweli kweli. Ni swali halali, halitaki majibu ya kukwepa. Maisha ya Yusuf ni sehemu ya jibu. Yanauma, lakini tuyatazame.

Pwani kabla ya meli za Wareno

Tuanze na mazingira. Kabla Mreno yeyote hajafika, miji ya Waswahili ilikuwa inafanya biashara na dunia. Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate, Lamu, Zanzibar: kila mji ulikuwa na bandari yake, msikiti wake, mtawala wake na washirika wake wa biashara. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Arabuni na India, upepo wa kusi ukayarudisha. Kutoka India zilikuja nguo za Gujarati na shanga. Kutoka Afrika zilikwenda pembe za ndovu, ambari, boriti za mikoko, na dhahabu iliyotoka bara na kupitia Sofala. Pembe ile ilipita kwenye mikono mingi ya watu wa bara kabla haijafika forodhani. Hakuna aliyekuwa na bahari. Ukija na mali na ukalipa ushuru wa mji, unauza.

Vasco da Gama alifika mwezi Aprili 1498. Mombasa hawakuelewana naye. Malindi walimpokea, kwa sababu Malindi na Mombasa walikuwa wapinzani wa siku nyingi, na adui wa jirani yako wakati mwingine unamwona rafiki. Malindi wakampa rubani wa kumvusha mpaka India.

Miaka saba baadaye picha ilibadilika. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi la meli za kivita, akaiteka Kilwa, kisha akaipora Mombasa na kuichoma moto. Mwaka 1528 Mombasa ikaporwa tena, na mwaka 1589 tena. Wareno walileta utaratibu mpya baharini: chombo chochote kinachotaka kufanya biashara kilipaswa kuwa na hati ya ruhusa waliyoiita cartaz, nayo ilikwenda pamoja na kulipa ushuru kwenye forodha zao. Huna hati, mali yako inakamatwa. Yaani watu waliokuwa wakisafiri kwenye bahari hiyo tangu mababu, sasa walihitaji ruhusa ya mgeni.

Kwetu hapa Mbeya mfano hauko mbali. Mkulima wa viazi analijua vizuri lile gunia la lumbesa. Anajaza gunia, mnunuzi anaongezea kilemba juu, halafu bei ni ya gunia moja. Kwa macho hayo ni mauziano. Ukweli ni kwamba mwenye nguvu ndiye aliyeamua kipimo. Biashara ya Wareno pwani ilikuwa ya namna hiyo, tofauti ni kwamba nyuma ya lumbesa ile kulikuwa na mizinga.

Ngome yenye jina la Bwana

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome kubwa Mombasa. Aliyeichora alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Wakaipa jina Ngome ya Yesu, na mpaka leo inaitwa Fort Jesus. Ukienda Mombasa utaikuta imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Hebu tulia hapo kidogo. Jina la Yule aliyemwambia Petro arudishe upanga alani, limewekwa juu ya kuta za kulindia forodha. Sisemi kwamba watu wote waliokuwemo ndani walikuwa waovu. Walikuwemo waumini wa kweli, na mwishoni mwa karne ile ya 16 watawa Waagostiniani walianzisha nyumba yao Mombasa, wakawa na waongofu Waafrika. Lakini mtu wa kawaida wa Mombasa aliyepita pale alisikia jina la Yesu kwanza kama jina la mahali penye mizinga. Wengi husema kwamba neno letu gereza lilitokana na neno la Kireno la kanisa, igreja, kwa sababu kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome. Neno la nyumba ya Mungu limeishia kuwa neno la mahali pa kufungia watu. Lugha ina kumbukumbu ndefu kuliko sisi.

Kutawala mji wenyewe, Wareno walimleta rafiki yao wa zamani, Sultani Ahmad wa Malindi, wakamhamishia Mombasa. Makubaliano yalikuwa kwamba Sultani apate theluthi moja ya mapato ya ushuru. Kwenye karatasi mambo yalikaa vizuri. Ila kapteni wa ngome alikuwa anakaa miaka michache tu kisha anapokewa na mwingine, na kila aliyekuja alitaka kuondoka na utajiri. Theluthi ya Sultani ilikuwa mfupa kooni mwa makapteni. Haki zake juu ya Pemba, kisiwa kilichoilisha Mombasa mchele, nazo zikawa ugomvi.

Baba aliyeuawa

Ahmad alipofariki, mwanawe Hasan akashika nafasi. Huyu ndiye baba wa Yusuf. Hasan alidai haki zake, na kapteni aliyekuwepo, Manuel de Melo Pereira, hakumvumilia. Ugomvi ukafika mahali pa kutishia uhai, na mwaka 1614 Sultani akakimbilia bara, kwa watu waliokaa pande za Rabai. Aliamini kule atakuwa salama. Kumbe upande wa Wareno ulikuwa umeshawafikia watu wa kule na malipo. Mgeni akauawa na waliompokea, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India.

Biblia ina kisa cha Nabothi, mtu aliyekuwa na shamba la mizabibu ambalo mfalme alilitamani. Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake, ikatengenezwa hila, akafa, shamba likachukuliwa. Mungu alimtuma Eliya akamwulize mfalme. Kwa Hasan hakuna Eliya aliyetumwa kwa kapteni. Kilichofuata ni kwamba mtoto wake wa kiume, mwenye miaka saba hivi, alichukuliwa na kupandishwa melini kupelekwa Goa.

Mtoto wa miaka saba. Fikiria mdogo wako wa darasa la kwanza au la pili. Baba ameuawa, na waliolipa wauaji ndio wanaokushika mkono.

Miaka ya Goa

Goa ya wakati ule ilikuwa mji wa makanisa, nyumba za watawa na maghala ya mali. Yusuf alikabidhiwa kwa Waagostiniani. Walimfundisha Kireno, wakamfundisha imani, wakambatiza kwa jina la Jerónimo. Alipokua alitumika kwenye meli za kivita za Wareno na kupigana upande wao katika bahari ya Ghuba ya Uajemi. Akafunga ndoa ya Kikristo na mwanamke Mkatoliki, Dona Isabel Varela.

Kwa macho ya Goa, hii ilikuwa kazi iliyofanikiwa. Mtoto wa sultani Mwislamu sasa ni askari wa Kireno, ana mke Mkristo, anajua Misa. Mpango ulikuwa arudishwe nyumbani atawale kama mfalme Mkatoliki, na watu wake wamfuate.

Sina njia ya kuingia ndani ya moyo wa Jerónimo na kusema alisali kwa dhati au la. Mungu pekee ndiye ajuaye. Lakini kama mwanafunzi wa falsafa najua jambo hili: tendo la kibinadamu linahitaji mambo mawili, kujua na kutaka. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha wazi kwamba kuamini ni tendo la utashi, wala mtu asiyeamini asilazimishwe kuingia katika imani. Alifundisha hivyo karne tatu na zaidi kabla ya Yusuf kuzaliwa. Mafundisho yalikuwepo tayari. Swali ni kama mtoto aliyeletwa mateka, asiye na ndugu karibu, anayekula kwenye meza ya watu walionufaika na kifo cha baba yake, aliwahi kupewa nafasi ya kusema ndiyo au hapana kwa uhuru.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1626 alirudi Mombasa, kijana wa takribani miaka ishirini. Alitawala kama Dom Jerónimo Chingulia, mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba.

Basi fikiria hali yake. Kwa watu wake Waislamu alikuwa mgeni aliyevaa Kireno, anayekaa na Wareno na kusali kwa Kireno, mtoto wa Hasan aliyegeuzwa. Kwa Wareno wa ngome alikuwa Mwafrika wa kuangaliwa, hata kama wanagawana naye Komunyo moja. Ufalme alikuwa nao kwa jina, lakini funguo za ngome na forodha zilikuwa kwa kapteni. Ubatizo ambao ungempa ndugu wapya pande zote haukumpa hata mmoja wa kumsimamia mbele ya kapteni. Na makapteni wale walimdharau, kama walivyomdharau baba yake.

Na kulikuwa na kaburi. Kaburi la baba yake.

Habari zilizomfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa mwaka 1631 zilikuwa kwamba mfalme anakwenda kwa siri kusali kaburini kwa baba yake, na anasali kwa namna ya Kiislamu. Kwa sheria ya wakati ule Mkristo aliyerudi kwenye dini ya zamani alikuwa na kesi ya kujibu, na Goa kulikuwa na mahakama ya kuchunguza imani, yenye kuogopwa. Kapteni akaandaa kumshtaki apelekwe huko. Jerónimo akapata habari. Mwana akaona njia ya baba yake inamfungukia: ugomvi na kapteni, kisha Goa, kisha hakuna kurudi.

Agosti 1631

Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, mfalme aliingia ngomeni na watu wake kama mtu anayekwenda kusalimia. Akamuua kapteni kwa jambia. Watu wake wakaiteka ngome, na mji wa Wareno ukachomwa. Akajitangaza tena Mwislamu, akarudia jina lake Yusuf bin Hasan.

Kama ingeishia kwa kapteni, labda leo tungekuwa tunabishana tu kama ilikuwa haki au kisasi. Haikuishia hapo. Kwa siku zilizofuata Wakristo wa Mombasa waliwekwa mbele ya uchaguzi: kuukana Ukristo au kufa. Waliuawa mapadre Waagostiniani, wakauawa Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto. Kapteni alikuwa na deni la haki, lakini watoto walikuwa na deni gani? Wale Waafrika waliobatizwa, wengi wao watu wa kawaida wasiokuwa na hata senti kwenye forodha ile, walikuwa wamemwibia nani?

Kati yao alikuwepo mtu mmoja ambaye namfikiria sana: Dom António wa Malindi, binamu yake Yusuf. Alikuwa wa ukoo ule ule wa watawala wa Malindi, aliyejua vizuri kilichompata Hasan, na aliyebatizwa pia. Alitakiwa aikane imani akakataa, naye akauawa pamoja na wengine.

Mwaka uliofuata, 1632, Kanisa lilifungua Goa uchunguzi juu ya vifo vile, na mashahidi wakatoa ushuhuda kwa kiapo. Ndiyo maana tunajua mengi. Wanaitwa Wafiadini wa Mombasa, ingawa hawamo bado kwenye orodha ya watakatifu.

Maharamia

Goa haikukaa kimya. Mwanzoni mwa 1632 meli za kivita zilikuja na askari mamia chini ya Francisco de Moura. Wakaizingira ngome, wakashindwa, wakaondoka mwezi Machi. Ngome iliyojengwa na Wareno iliwakataa Wareno wenyewe.

Ila Yusuf alijua watarudi. Mwezi Mei mwaka huo huo aliharibu kadiri alivyoweza, akapanda meli iliyotekwa kwa Wareno, akaondoka kuelekea Arabuni. Mombasa hakuirudia kama mfalme. Wareno wakaingia tena ngomeni, na tangu hapo hawakuweka tena sultani Mombasa. Juu ya lango la ngome kuna maandishi ya mwaka 1635 ambamo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu jinsi alivyoiadhibu miji ya pwani. Soma vizuri: miji iliyoadhibiwa ilikuwa ya watu wengine, lakini bili iliandikwa kwa jina la Yusuf.

Yeye mwenyewe alibaki baharini. Kwa miaka kadhaa alikuwa haramia, akivizia meli kati ya Arabuni, Komoro na Madagaska. Mwaka 1638 akauawa katika Bahari ya Shamu, na maharamia wengine. Alikuwa na miaka kama thelathini tu.

Mtakatifu Augustino, ambaye jina lake walilibeba wale watawa waliomlea, alikuwa Mwafrika wa kaskazini. Katika kitabu chake cha Mji wa Mungu anafundisha kwamba dola ikiondolewa haki haina tofauti na genge kubwa la wanyang'anyi, na anatoa mfano wa haramia aliyemwonyesha mfalme Aleksanda kwamba kazi yao ni moja, ukubwa wa vyombo tu ndio unatofautiana. Waagostiniani wa Goa bila shaka walikisoma kitabu hicho. Mtoto waliyemlea aliishia haramia baharini, kwenye bahari ambayo wenye meli kubwa waliitawala kwa hati na mizinga.

Tunachukua nini?

Sasa tukae kidogo na somo hili. Nina mambo matatu.

La kwanza, kueleza sababu sio kuhalalisha. Darasani tunafundishwa kutenganisha haya mawili, na mtandaoni watu wanayachanganya kila siku. Ukisema Yusuf alionewa tangu utotoni, mwingine anasikia unatetea mauaji. Ukisema mauaji yale yalikuwa dhambi kubwa, mwingine anasikia unatetea Wareno. Hapana. Hasan aliuawa kwa dhuluma, na hiyo ni kweli. Watoto wa Mombasa waliuawa kwa dhuluma, na hiyo nayo ni kweli. Damu ya pili haikuiosha ya kwanza. Ukristo wetu unatudai tuseme yote mawili kwa sauti moja, hata pale ukweli mmoja unapowaaibisha watu wetu.

Tena tuwe makini tusigeuze kisa hiki kuwa silaha dhidi ya ndugu zetu Waislamu. Tunaishi nao mtaa mmoja, tunazikana, tunaalikana harusini. Yusuf alirudi kwenye dini ya baba yake, hilo ni kati yake na Mungu. Kuwaua wasiojiweza ilikuwa dhambi yake, isiandikwe kwenye jina la jirani yako. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, katika hati ya Nostra Aetate, umetuhimiza tuyaache magomvi ya zamani na kutafuta kuelewana. Mwaka ule ule, katika Dignitatis Humanae, ukafundisha kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa katika mambo ya imani. Ukisoma hati hizo ukiwa na Yusuf kichwani, utaona zinamhusu mtu mwenye jina.

La pili, tazama matunda. Wareno walikaa Mombasa karibu miaka mia moja tangu wajenge ngome, mpaka Waomani walipoitwaa mwezi Desemba 1698. Wametuachia maneno: meza, bendera, leso, karata, padri. Wametuachia kuta. Jumuiya za Wakristo hawakuziacha imara. Wamisionari walipokuja tena karne ya 19, Zanzibar mwaka 1860 na Bagamoyo mwaka 1868, walianza kama mahali pasipowahi kufika mtu. Imani iliyoingia kwa mlango wa forodha ilitoka na forodha.

Kwa hiyo nirudi kwa yule anayeniuliza kama dini hii ililetwa na wafanyabiashara. Pwani, mara ya kwanza, ndiyo, ilikuja kwenye meli moja na shanga na mizinga. Lakini ile sehemu yake iliyoegemea mizinga ndiyo iliyokufa. Kilichobaki na uzima mpaka leo ni ushuhuda wa watu kama Dom António, ambao hawakuwa na mzinga wowote. Kanisa lenyewe halikuficha doa hili. Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha kisiwani Gorée mwezi Februari 1992 kwa ajili ya biashara ya utumwa, na tarehe 12 Machi 2000 mjini Roma akaongoza siku ya kuomba msamaha kwa dhambi za wana wa Kanisa katika historia, pamoja na matumizi ya nguvu kwa kisingizio cha kutetea ukweli. Kanisa linaloweza kupiga magoti hivyo siogopi kulitumikia.

Na wewe mwenye duka, mwenye bodaboda, mwenye genge la nyanya: angalia unaandika nini juu ya kibao. Siku hizi tunapenda majina kama Yesu ni Bwana na Neema ya Mungu. Ni vizuri. Ila ukishaandika hivyo, mizani ya ndani ndiyo inayomhubiri huyo Yesu kwa mteja. Usimfanye Bwana kuwa jina la ngome ya kulindia lumbesa.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, na naliandika nikijua kuna anayelisoma akiwa na kidonda. Inawezekana umeumizwa na mtu wa Kanisa. Labda ni katekista aliyekudhalilisha mbele ya wenzako, au kiongozi aliyekula mchango wa kwaya, au mlezi aliyetumia jina la Mungu kukunyamazisha. Yusuf na António waliwajua makapteni wale wale. Mmoja aliiona imani kuwa mali ya walioidhulumu familia yake, akaitupa pamoja nao. Mwingine aliiona kuwa ni ya Kristo, ambaye naye aliuawa na watu wenye nguvu waliodai kulinda dini na mji. Usimkabidhi aliyekuumiza hati ya kumiliki imani yako. Yesu si wake. Sema ulichotendewa, tafuta haki, nenda kwa padri unayemwamini au kwa vyombo vya sheria inapobidi. Lakini usimwache Bwana kwa sababu ya kapteni.

Na sisi tunaojiandaa kuwa mapadre tuna swali letu. Goa kulikuwa na watawa waliomfundisha mtoto yule katekisimu kwa miaka. Je, yupo hata mmoja aliyemwuliza kuhusu baba yake? Natamani sana awepo.

Ya kutafakari wiki hii

Je, kuna mtu ninayemhubiria Kristo huku nikiwa sijamlipa haki yake?

Je, kuna kidonda ambacho nimekiacha kiamue juu ya imani yangu?

Kwenye jumuiya yangu, je, kuna anayekuja kila wiki na hakuna aliyewahi kumwuliza habari za nyumbani kwake?

Tusali

Ee Bwana Yesu, jina lako limewekwa juu ya ngome na juu ya maduka, nasi tumelibeba tangu ubatizo wetu. Utuhurumie pale tulipolitumia kwa faida. Wapokee waliouawa Mombasa, Wareno na Waafrika. Mkumbuke Hasan aliyekufa kwa hila. Mkumbuke Yusuf, mtoto aliyechukuliwa na mtu mzima aliyeua, kwa maana wewe peke yako unajua njia yote ya moyo wake. Utupe ujasiri wa António, bila kutusahaulisha machozi ya Yusuf. Mama Maria, Malkia wa Wafiadini, utuombee. Amina.

Uwe na wiki njema, kijana mwenzangu. Mtumie na mwenzako asome.